Arubaini ya Mgeni

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mama yangu alikuwa akimwita baba yangu. Baba alikuwa ameshafariki miaka sita nyuma. Mama alilijua hilo kuliko sisi wote, maana yeye ndiye aliyekaa eda. Lakini alikuwa akikunja msala, akaketi ukingoni mwa kitanda, akatengeneza ushungi wake kana kwamba mtu anamtazama, kisha akaita: "Mzee!"

Na kutoka sebuleni, kwenye tundu lililoning'inizwa karibu na dirisha, sauti ya baba ilikuwa ikiitika: "Naam." Kikafuata kikohozi kidogo, kile cha mvuta sigara aliyeacha akiwa ameshachelewa. Halafu: "Nnakuja."

Baba alikuwa fundi wa cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini, mbele, panapotazama kichochoro. Mama akimwita aje kula, alijibu hivyo hivyo, naam, nnakuja, na nusu saa baadaye wali umepoa na mchuzi umefanya utando juu. Waligombana juu ya hiyo "nnakuja" miaka yote ya ndoa yao. Tundu la kasuku wakati huo lilikuwa ngazini, baina ya mwitaji na mwitwa, na kasuku akaushika ugomvi wote akachagua sehemu ya baba. Baba alipokufa, sauti ikabaki.

Sitaki mtu adhani kwamba mama alichanganyikiwa. Mama ana akili zake na za watu wengine. Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, akaniambia bila ya mimi kumuuliza: "Watu wanazo picha. Mie picha sizioni tena, macho yashaniharibikia. Nna huyu." Akaendelea kutoa mawe. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kasuku yule hana ruhusa ya kufa kabla ya mama, na kwamba kumlinda ni kazi yangu.

Kazi zangu zilikuwa nyingi tayari. Kaka zangu wawili wako nje na hupiga simu Ijumaa, wakauliza hali, wakaniusia nimtunze mama. Mimi nilirudi nyumbani ndoa yangu ilipovunjika, nikasema ni kwa muda, na muda huo ulikuwa umeshafika miaka kumi na moja. Asubuhi nilikwenda Tunguu, kwenye maktaba ya chuo, kuwakataza vijana kula sambusa juu ya vitabu. Jioni nilirudi mjini kupika, kufua, kuhakikisha mama kameza vidonge vyake vya presha na si kuvificha chini ya mto, na kusafisha matundu mawili: la kasuku, na la chiriku wawili wa manjano ambao sijui hata walitufikia vipi. Mama akiniuliza, "Umechoka?" nilimjibu, "Sijachoka, mama." Nilimjibu hivyo kwa sababu aliwahi kusema, siku aliyoanguka bafuni, kwamba anaogopa kuwa mzigo. Mtu akishasema hivyo mbele yako, basi wewe huna tena haki ya kuchoka.

Ndipo mtoto wa ami yangu, anayekaa Mangapwani, alipopiga simu. Anahamia Maskati kwa mumewe, na kasuku wake hana wa kumwachia. Alizungumza na mama, si na mimi. Niliporudi kazini nikakuta neno limeshakwisha.

"Atakuja Jumamosi," mama alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mama, nani atamtumikia?"

"Ndege mmoja tu. Anakula nini ndege mmoja?"

Alikuja Jumamosi, ndani ya gari la jamaa, tundu limefunikwa kanga. Nilipoifunua nilitamani kuirudisha. Alikuwa kasuku kijivu kama wetu, mwenye mkia mwekundu, lakini kifua chake kilikuwa kimenyonyoka kama cha kuku aliyeshatiwa maji ya moto. Huko Mangapwani tundu lake lilikuwa likitundikwa ubavuni mwa banda la kuku. Hakusema kitu, wala hakupiga kelele. Alitukodolea jicho moja, kisha akageuka akatukodolea la pili, kama mtu anayetaka ushahidi wa pande zote mbili.

Mama alikuwa ameshakata papai. Nikamzuia mlangoni.

Nilikuwa na sababu. Miaka ya nyuma niliwahi kununua chiriku mmoja mzuri sana, nikamtia moja kwa moja na wenzake, na kabla ya wiki kwisha nikawazika watatu kwenye chungu cha mrehani. Safari hii nilikuwa nimeshamwita daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache na mikono isiyotetemeka. Alimtazama mgeni kwa mbali, kisha akatupa masharti. Mgeni akae chumba chake peke yake, mbali na wenziwe, wasivute hewa moja. Vyombo vyake visichanganywe na vingine. Wazima wahudumiwe kwanza, yeye mwisho. Mimi nioshe mikono kwa sabuni, nibadili nguo, na kitu cha juu kisishuke chini. Udi na ubani usifukizwe karibu na ndege yeyote, maana moshi unawaumiza vifua.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Siku arubaini. Zikipita na yuko mzima, tutaanza kuwakutanisha taratibu."

Mama uso ukamchanua. "Arubaini! Basi ni kama mzazi."

"Naam, bi mkubwa, kama mzazi," daktari alijibu akicheka, akachukua mkoba wake akaondoka.

Nami nilicheka. Mfano huo ndio uliotuponza, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Mgeni tulimweka chumba cha juu kabisa, karibu na tangi la maji. Kutoka sebuleni mpaka huko kuna vidato thelathini na nane, vya kale, virefu, kila kimoja kina kimo chake kama kwamba fundi alikuwa akikumbuka ghafla kwamba anajenga ngazi. Nilivipanda asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Kwanza chini: maji ya chiriku, choroko za kuchemsha za kasuku wetu, karatasi mpya chini ya tundu. Kisha juu. Nilikuwa na kanga moja iliyochanika pindo, imetundikwa kwenye msumari nje ya mlango. Naivaa nikiingia, naivua nikitoka. Nilikuwa na ndoo, sabuni, kitambaa na kopo la mbegu za alizeti, maana mgeni hakujua chakula kingine ila hizo. Nikimaliza naosha mikono mpaka viwiko, nashuka, naosha tena.

Wiki ya kwanza niliona fahari. Wiki ya pili magoti yalianza kunisemesha. Wiki ya tatu nikawa siwachukii ndege tu, bali kila kilichowahi kuota manyoya.

Lakini chumba kile kilikuwa na jambo moja. Kilikuwa mahali pekee katika nyumba ambapo hakuna aliyeniita. Nikishamaliza kazi nilipindua ndoo, nikaikalia, nikatazama nje paa za bati na nguo za majirani zilizoanikwa, na kwa dakika tano sikuwa binti wa mtu wala dada wa mtu. Nilivuta pumzi mpaka mwisho, nikaitoa kwa pua, nikasema kwa sauti maneno ambayo chini sikuyasema hata siku moja: "Yarabi, nshachoka." Wakati mwingine niliyasema mara mbili. Mgeni alinisikiliza kwa jicho moja. Nilimpenda kidogo kwa sababu hakuwa na ushauri.

Siku ya ishirini na sita nilikuwa jikoni natia maji ya chai. Nikamsikia mama amemaliza kuswali. Nikamsikia akiita, "Mzee!"

Kimya.

"Mzee!"

Nikazima moto. Mama aliita mara ya tatu, na mara hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza. Tulikutana mlangoni mwa sebule. Kasuku wetu alikuwa amejikunyata kwenye kijiti chake, manyoya yamemsimama, macho nusu yamefumba, pua zinachuruzika, na kila akivuta pumzi mkia unapanda na kushuka. Chakula cha jana kilikuwa palepale.

Daktari alifika kabla ya adhuhuri. Alimfunga kwenye taulo, akamsikiliza. Kisha akapanda juu kumtazama mgeni, akashuka na uso wa kazi.

"Yule wa juu ana maradhi, inaonekana alikuja nayo. Yameshafika chini. Yamefikaje?"

"Sijui," nikasema. "Wallahi nimefanya kila ulichoniambia."

"Basi iko njia tusiyoijua."

Alitupa dawa ya matone, ya asubuhi na jioni, kwa ndege wote. Akasema kasuku wetu awekwe mahali pa joto, karibu na taa. Akasema na sisi tujiangalie, maana yapo maradhi ya ndege yanayompata binadamu; tukiona homa au kifua, twende hospitali, na tuwaambie madaktari kwamba tuna ndege nyumbani.

"Atapona?" mama akauliza.

"Tutajaribu, bi mkubwa."

Mama alikuwa ameishi miaka ya kutosha kujua maana ya tutajaribu.

Siku tatu nilijishuku mwenyewe. Nilikumbuka jioni moja simu ilipolia chini, nikashuka mbio, na sikuwa na hakika kama niliosha mikono. Nilikumbuka ile kanga, kama upepo uliigusisha ukuta. Kazini niliketi nyuma ya meza nikihesabu makosa yangu, na mwanafunzi aliyekuja kuuliza kitabu nilimjibu vibaya, masikini, hana hili wala lile. Nilijiona nimeshindwa kazi moja niliyojipa mwenyewe bila ya kutumwa na mtu.

Siku zote karatasi ya chini ya tundu la kasuku wetu niliikunja na kuitupa bila ya kuitazama; siku ya nne nikainua na sinia la chini yake nilisugue. Katikati ya uchafu uliogandia pembeni nikaona maganda. Meusi, membamba, yenye mistari myeupe. Maganda ya alizeti.

Kasuku wetu hakula alizeti maishani mwake. Baba alimlea kwa choroko, papai na wali usiotiwa chumvi. Alizeti nyumbani mwetu zilikuwa ndani ya kopo moja, na kopo hilo lilikuwa juu.

Nilikwenda nalo ganda kiganjani mpaka kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, tasbihi mkononi.

"Mama, nani kampa alizeti?"

Hakutazama kiganja changu. "Mie."

"Umezipata wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Kwani juu kuna kungapi?"

"Mama! Umepanda kwa magoti gani?"

"Kwa haya haya. Napanda nikikaa. Kidato kimoja, napumua. Kingine, napumua. Kwani nna haraka ya kwenda wapi?"

Mwanamke huyu nilimchemshia maji ya kukanda magoti kila usiku. Mwanamke huyu nilimletea kila kitu alipokaa, mpaka kitana, kwa kuwa alisema hawezi kufika kabatini. Na kila siku ya kazi, saa nne, mimi nikiwa Tunguu, alikuwa akipanda vidato thelathini na nane kwa makalio, sahani mkononi.

"Daktari kasema nini, mama? Kasema arubaini!"

"Nliskia. Kasema kama mzazi. Mzazi hatoki nje siku arubaini, na huyu hakutoka hata siku moja, kamuulize. Lakini wapi umeona mzazi kafungiwa chumbani, hana anayekwenda kumtazama, hana anayempelekea chochote? Arubaini ni ya kutotoka, si ya kutotembelewa. Mtoto wa watu kaja kutoka shamba, kifua kitupu, hajui mtu. Nkampelekea papai. Nkamwambia, kakupa mwenyeji wako."

"Papai la kasuku wetu? Sahani ya kasuku wetu?"

"Ndiyo hiyo."

"Na alizeti?"

Hapo mama alinitazama, na niliona kwamba kweli hakuelewa ninachouliza.

"Sasa sahani niirudishe tupu?"

Hakuna mwanamke wa mji huu asiyelijua hilo. Jirani akikuletea chochote, sahani yake hairudi tupu. Ukiwa huna kitu utatia hata ndimu mbili, hata kipande cha mkate. Mimi mwenyewe nimefundishwa hivyo, na aliyenifundisha ni yeye. Katika siku zile ishirini na sita alichukua papai kutoka kwa mwenyeji akampelekea mgeni, na siku hizo hizo akachota mbegu kidogo kwenye bakuli la mgeni, zilizoguswa kwa mdomo wa mgeni, akazishusha kwa mwenyeji. Aliniambia kwamba alikuwa akimwambia: "Mgeni anakusalimu." Na kasuku wetu, ambaye hakuwahi kupenda alizeti, alizila kwa adabu.

Hata leo nikilikumbuka nataka kucheka. Siku ile sikucheka. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na hasira ya mtu aliyechoka haina macho. Nilisema: "Basi akifa, mama, ni mkono wako."

Neno likishatoka halirudi. Mama aliteremsha macho kwenye tasbihi, akaendelea, na midomo yake ilikuwa ikitikisika lakini vidole havikuwa vikisogea.

Tangu siku hiyo aliacha kuita asubuhi.

Tulimtibu kasuku pamoja, kwa sababu haiwezekani mtu mmoja. Mama alimshika ndani ya taulo, mimi nikamtia matone kwa bomba lisilo na sindano. Hatukuzungumza ila maneno ya kazi. Mshike kichwa. Subiri. Basi. Mikono yetu iligusana, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Taa tuliiweka karibu na tundu mchana na usiku. Nilichukua likizo ya siku saba, kisha zikaisha. Daktari alikuja mara nne. Kaka yangu mkubwa alipiga simu Ijumaa, akasema, "Yote hayo kwa ndege?" nikamkatia. Chiriku, ambao hakuna kinachowahusu duniani, walinywa dawa yao na kuendelea kupiga kelele asubuhi mpaka jioni, na nilikuwa naichukia furaha yao.

Juu nako kazi ilikuwa ile ile. Daktari alisema hesabu inaanza upya, siku arubaini tangu dozi ya mwisho. Sikubishana. Nilipanda, nikavaa kanga iliyochanika, nikamtia mgeni matone, nikakalia ndoo yangu. Nilikuwa siangalii hata paa tena. Nilisema nilichokuwa nikisema, nikashuka. Mama hakupanda tena. Nilitamani apande. Nilitamani nimkute siku moja amekaa kidato cha kumi na tano, anapumua, sahani mkononi, nimpokee tushuke pamoja.

Kasuku wetu hakufa. Baada ya wiki tatu manyoya yalilala, macho yakafunguka, akala choroko tano, kisha bakuli zima. Aliparamia kidole changu kwa nguvu zake za zamani. Lakini alikuwa bubu. Hakukohoa, hakuitika, hakufanya hata ule mlio wa gurudumu la cherehani aliokuwa akiufanya mvua ikinyesha.

"Sauti itarudi?" nikamuuliza daktari ngazini, mama asisikie.

"Wako wanaosema tena, na wako wasiosema. Usimlazimishe."

Hakuna aliyemlazimisha. Asubuhi nililala macho, namsikia mama anamaliza sala, anakunja msala, anakaa kitandani. Kisha hapana kitu. Aliogopa kuita akakosa jibu, nami niliogopa hivyo hivyo, na baina yetu ulikuwepo ukuta mmoja tu na lile neno langu. Mara ngapi nilitaka kwenda kumwomba radhi. Nilijiambia nitakwenda jioni, na jioni nilikuwa nimechoka.

Arubaini ya pili ilipokwisha, daktari aliwapima wote akasema sasa mgeni ashuke. Alitueleza jinsi ya kuwakutanisha. Matundu yawe chumba kimoja lakini kuta mbalimbali. La mwenyeji liwe juu zaidi. Mwenyeji alishwe kwanza, asemeshwe kwanza, asione kwamba kaporwa nyumba. Wakitulia, tundu la mgeni lisogezwe kidogo kidogo kila siku, na mtu wa tatu asiwaharakishe.

Mama alisikiliza kila neno. Safari hii aliuliza maswali. "Sahani je?"

"Kila mmoja yake, bi mkubwa. Bado."

"Haya." Kisha, kwa sauti ya chini: "Asumini naweza kumfungia kwenye tundu? Si moshi. Ni siku yake ya kutoka."

Daktari alinitazama, nikatazama pembeni. Akamruhusu, mradi ndege asizifikie. Basi mgeni alitolewa arubaini yake na kikuba cha asumini kwenye kishikio cha tundu, na vinyoya vipya vya kijivu vimeanza kumfunika kifua.

Kasuku wetu alimtazama mara moja, akagonga mdomo kwenye waya, akampa mgongo. Alimpa mgongo siku nzima. Siku ya pili pia. Kila asubuhi nilipima sakafuni kwa shubiri, nikalisogeza tundu la mgeni shubiri moja, na kila asubuhi mwenyeji alijigeuza akatazama ukuta. Mama alihamia sebuleni. Alitoka chumbani kwake mara tu baada ya kuswali, akakaa kwenye kiti akiwalinda wote wawili.

Siku ya tano maji yalikuwa hayapandi. Nilikwenda kuyachukua chini, kwenye bomba la uani, na nikayapandisha kwa ndoo. Niliifikisha ndoo mlangoni mwa sebule, nikaitua sakafuni. Sikusema kitu. Nina hakika sikusema kitu, kwa sababu midomo nilikuwa nimeiuma.

Mgeni aliisikia ndoo ikitua. Akanyoosha shingo. Pumzi ndefu ikavutwa mpaka mwisho, ikatolewa kwa pua, na sauti yangu mimi ikasema kutoka ndani ya tundu:

"Yarabi, nshachoka."

Mama akageuka. Alinitazama mdomo.

"Yarabi," ikasema tena sauti yangu, polepole, na uchovu wote ule ndani yake ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuusikia, maana mtu hajisikii. "Nshachoka."

"Hiyo sauti yako," mama akasema.

"Kasuku huyo, mama. Hajui asemalo."

"Hajui. Lakini kaskia." Alingoja. "Tangu lini?"

Jibu langu lilikuwa tayari, lile lile la miaka kumi na moja. Nilifungua kinywa kulitoa. Nikaona ni upuuzi, kumdanganya mama mbele ya shahidi. Nikasema, "Zamani, mama."

Mama machozi yalimshuka, naye hakuyafuta. Nami nilisimama pale na ndoo yangu kama mwizi aliyekamatwa na kitu cha watu.

Ndipo kule juu dirishani kasuku wetu alipojigeuza. Alishuka kijiti kimoja, akainamisha kichwa upande wa mgeni, upande ilikotoka sauti yangu. Akakohoa kile kikohozi kidogo.

"Naam," akasema baba. "Nnakuja."

Hatukutikisika. Hata chiriku walinyamaza. Mama aliuleta ushungi mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka, mpaka nilipomsikia.

"Huyo ukimngoja, utangoja," akasema. "Mie namjua. Kaa."

"Mama, maji..."

"Kaa, nshakwambia."

Akashika mikono ya kiti, akajiinua kwa yale magoti yake, akanipita, akaingia jikoni. Nikamsikia akifungua kabati ambalo hawezi kulifikia.

"Nisamehe, mama," nikasema kwa nguvu ili anisikie. "Kwa lile neno."

"Neno gani?" akajibu kutoka jikoni, na tulijua sote wawili ni neno gani.

Alirudi na kikombe juu ya sahani, na pembeni mwa kikombe kipande cha mkate. Chai ilikuwa imepoa kidogo, na alisahau kutia sukari. Nilikaa, nikainywa yote.